Levi na Maji ya Mchana

Levi Wakoli alizaliwa Kimilili, akaoa, bibi akamtoroka, akakuja Kitale kutafuta kazi. Akaipata hapa Matisi, kwa hii nyumba ya wazee tunakaa. Kazi yake ilikuwa maji. Anachemsha pipa na kuni, anamwaga kwa ndoo, anatugawia asubuhi kila mtu na yake. Alikuwa ananuka moshi hata Jumapili kanisani. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alikuwa kichwa ngumu.

Halafu wakaleta mashine. Inavuta joto kwa hewa inapeleka kwa tanki, kuni hapana. Ndani iko na kompyuta ndogo inaangalia watu wanatumia maji saa gani, ndiyo isimalize stima kupasha maji hakuna mtu anataka. Fundi alituambia wazi: fungueni mfereji wakati mnataka maji, asubuhi, mchana, jioni, mashine itawajua.

Levi akasikia, lakini roho ikakataa. Alfajiri anafungua mfereji, anajaza ndoo zote, anatupelekea kwa vitanda kama zamani.

"Levi, si uwache watu wafungue wenyewe," nikamwambia. Alikuwa ananiita Kukhu, yaani nyanya yake.

"Sasa Kukhu, unataka nikae tu nihesabu nzi?"

"Hesabu. Hiyo utaweza."

Akacheka, akaniwekea ndoo.

Mashine ikajifunza. Ikajua hii nyumba inaoga alfajiri, basi. Mchana ikalala. Meneja wetu, Gathii, anakaa Bungoma, huko jua inachoma mpaka kuku inafungua mdomo. Simu ya kuamrisha mashine iko kwake peke yake. Akaona bili ya stima imeshuka, akapigia Levi kumsifu. Siku hiyo Levi alitembea kama mtu ameoa tena.

Julai ikakuja na mvua na baridi. Viola, rafiki yangu wa kitanda ya pili, alikuwa amepooza upande moja. Mchana akajichafua. Levi akafungua mfereji, maji baridi. Akapigia Gathii, tukisikia sisi wote.

"Mbona huku inaonyesha mashine iko sawa?"

"Iko sawa bosi, lakini maji ni baridi."

"Si ngojeni asubuhi, itapasha. Niko mkutano bana."

Kuni hakuna, pipa waliuza. Jikoni mpishi hufunga na kufuli akienda kwake, juu ya wizi wa sukari. Na Viola hangelala kwa uchafu. Wasichana wa kutuhudumia wakamwosha na hayo ya baridi. Alitetemeka upande moja, ule mwingine umetulia tu. Kifua ikamshika. Hakumaliza wiki.

Tulipotoka kumzika, Levi akaanza kufungua mifereji yote mchana, maji inamwagika bure, ati anafundisha mashine upya.

"Itashika, Kukhu."

"Ishike ya nani? Viola ameenda."

Akaendelea kufungua. Tanki ikakauka, tukakosa hata ya kunywa. Gathii akaona kwa simu maji inapotea, akamfuta kazi. Hakuuliza sababu.

Levi akakuja kuniaga. Anarudi Kimilili, kwa ndugu walishagawana shamba kama yeye ni marehemu. Akasimama kwa mlango akingoja nimwambie haikuwa makosa yake. Sikumwambia. Ilikuwa yake na ya Gathii, lakini Gathii hatawahi kusimama kwa huo mlango, kwa hivyo Levi akabeba ya wote wawili. Nikageukia ukuta mpaka nikasikia ameenda.

Mfanyakazi mpya amekatazwa kufungua mfereji mchana. Ukijichafua saa nane, unangoja kuche.