Saa Iliyosimama Kwenye Skrini

Siku ile ya saa ya Mzee Kamau bado inanitisha, mwanangu, na mimi si mtu wa kutishwa na vitu vidogo. Nilikuwa msichana wa Ruiru, nimetoka chuo juzi tu, miaka ya tisini inaelekea mwisho, na nilikuwa nimepata kazi katika karakana moja ya viatu huko Thika. Nilijiona mtu kweli. Unajua vile kijana akishika kitu ambacho wenzake hawajakishika, hata kutembea hubadilika.

Kamera ilifungwa juu ya mashine ya kukata ngozi. Ikiona mkono wa mfanyakazi chini ya kisu, kompyuta izuie kisu kisishuke. Programu ya kuiongoza kamera, yaani draiva, niliiandika mimi. Kamera hujaza picha ndani ya bafa, sehemu ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta. Bafa ikijaa, kamera inakatiza kazi ya kompyuta, kama mtu anayekugusa bega: picha iko tayari. Unaichukua, unaipa kamera bafa tupu, basi. Lakini mimi nilizitia hesabu zote za kutafuta mkono pale pale, kwenye kuguswa bega.

Mashine hiyo aliiendesha Mama Njeri wa mtaa wa Landless, ambaye Jumapili alisuka watu nywele. Asubuhi hiyo alikuwa ameweka mkono, kisu kikakataa kushuka, akacheka, nami nikacheka naye.

Mzee Kamau, fundi mkuu aliyenifundisha kazi, hakucheka. Alivua saa yake akaiweka chini ya kamera.

“Wambui, hebu angalia skrini. Mshale unaenda?”

Ulikuwa unaenda. Tukangoja. Halafu ukasimama.

“Imesimama, Mzee.”

“Kuja uione hapa mezani.”

Mezani saa ilikuwa inakimbia kama kawaida. Kwenye skrini ilikuwa imekufa, na chini yake maneno ya programu yangu: hakuna mkono. Mzee akachukua glavu tuliyokuwa tumeijaza matambara, akaisukuma kwa ubao hadi chini ya kisu, akabonyeza kitufe cha kukata. Kisu kikashuka. Vidole vya glavu vikaanguka sakafuni.

“Na mimi niliweka mkono hapo asubuhi,” Mama Njeri akasema, pole pole.

Nikainama kuviokota vidole vya glavu.

“Kamera ilikuita ukiwa bado unahesabu,” Mzee akaniambia. “Hukusikia. Sasa unaangalia picha ya kitambo, na unatuapia ni ya saa hii.”

Hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza.

Niliandika upya kila kitu, na hofu ilikuwa imekaa nami kwenye kiti. Kamera ikiita, pokea bafa iliyojaa, toa tupu, ondoka. Hesabu zifanyike kando. Bafa ambayo kamera bado inaijaza, usiiguse. Na picha mpya isipofika, kisu kisishuke, hata kama ya mwisho ilionyesha meza tupu.

Tulipomaliza, saa ya Mzee ilikaa chini ya kamera tangu asubuhi hadi chai ya saa kumi bila kusimama. Hapo akauliza nani anaweka mkono wa kwanza. Nikaweka wangu. Sijawahi kuogopa hivyo, mwanangu, hata nilipokuzaa wewe. Kisu kilibaki juu. Mama Njeri aliutazama mkono wangu kwa muda kabla ya kukaa kwenye kiti chake.

Basi wewe unayeandika programu siku hizi, sikia. Ukiitwa, itika upesi na uache njia wazi. Usiamini picha kwa sababu inapendeza. Uliza ni ya lini. Usipojua, simamisha mashine, wacha wakuite mwoga. Na kabla hujamwambia mtu kazi iko sawa, weka mkono wako kwanza.

Mungu akulindie vidole vyako, na vya kila mtu atakayekaa mbele ya kazi yako bila kujua ndani kuna nini.