Amina Kabla ya Wakati

Daktari wa meno pale Nyeri mjini aligusa jino langu la mbele, likacheza. "Mwalimu, hili na mwenzake lazima yatoke Jumatatu," akasema. Nikamwambia bila meno ya mbele siwezi kupuliza klarineti. Akasema pole. Pole! Nilirudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyelima kutwa.

Basi tamasha la Jumamosi, tulilolipanga kujifurahisha tu, likawa la mwisho kwangu. Tulikuwa watano: mimi na klarineti yangu, na wenzangu wanne wa nyuzi, watatu wakibana fidla zao kidevuni, wa nne akishika ile kubwa ya kubanwa kwa magoti. Muziki wenyewe ulikuwa na sehemu tatu. Ile ya polepole tuliiweka mwisho kwa sababu niliomba. Nimewafundisha wengine kuipuliza miaka nenda miaka rudi, mwenyewe sijawahi kuipuliza mbele ya watu.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa na ile baridi ya Julai inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nilificha klarineti ndani ya sweta, maana ikipoa sauti yake inashuka. Mzee wa kanisa alifungua kwa maombi, akakaribisha wageni wasalimie watu. Kila mgeni akasalimia, na kila mgeni alikuwa na mgeni mwingine wa kumkaribisha. Jino linapwita. Nikasema moyoni, jamani, tutapiga lini?

Hatimaye tukaanza. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Tukanyamaza kidogo wenzangu wakaze nyuzi, na hapo ndipo mzee aliposimama.

"Bwana asifiwe! Hawa wamejaribu sana. Sasa tusimame tufunge na maombi, chai iko tayari."

Kwetu ukisikia tufunge na maombi, unasimama. Ukumbi mzima ukasimama. Hata mwenzangu wa fidla ya kwanza alisimama! Mzee akaombea mvua, watoto wa mitihani, wagonjwa, wanaosafiri kwenda Karatina, na akina mama waliopika chai. Nami nimefumba macho, hasira imenipanda mpaka masikioni. Aliposema amina, viti vikakwaruza, watu wakaelekea mlangoni kwenye chai.

"Ketini!"

Sikupanga kusema hivyo. Ni sauti ya darasani, ilitoka yenyewe. Nusu ya watu wale nimewafundisha, na waliobaki nimewafundishia watoto. Wakaketi chapchap, wengine na vikombe mkononi.

"Ati iko ingine, Mwalimu?" mzee akauliza.

"Iko, Mzee. Kaa chini."

Akakaa. Tukapiga sehemu ya pili, kisha ile ya polepole. Jino liliuma vibaya, mdomo ukatetemeka, lakini sauti ikatoka, jamani, ikatoka, nami nikasikia raha niliyokuwa nimeisahau. Noti ya mwisho niliivuta mpaka pumzi ikaniishia. Sikutaka kuiachilia.

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyenyanyuka. Nikamtazama mzee. Ameweka mikono magotini, ananisubiri kama mtoto aliyekwisha kukanywa.

"Imeisha," nikasema.

Wakabaki wameketi. Nikafungua klarineti kipande kimoja kimoja, nikaipangusa, nikairudisha kwenye sanduku lake, na bado walikuwa wanasubiri niwaambie wasimame.