Kinu Chini ya Injini

Bibi yangu alitufundisha kwamba kinu hakikaliwi, hata kikiwa kitupu. Kuhusu gari hakusema lolote. Hakuwaza kwamba ipo siku mwanawe wa kumzaa atalikalisha gari juu ya kinu cha kisamvu.

Mwanawe huyo ni mama yangu, mwalimu mstaafu, mjane, na mbishi kuliko wote ninaowajua. Tairi la mbele lilipata pancha uani kwetu Ufukoni, na mchanga wa huku jeki haiuwezi, inazama. Mama akalinyanyua gari kidogo kwa jeki, akakigeuza kinu kitako juu, akakisukumia uvunguni mwa gari, chini ya kitu cha kwanza kipana alichokiona. Jeki ikazama kweli, mzigo wote ukabaki juu ya kinu. Akabadilisha tairi, akapangusa mikono, akaondoka kwenda kwenye mikorosho yake Kitaya.

Hakufika mbali. Taa nyekundu ya oili iliwaka na injini ikaanza kugonga. Wapita njia walimwambia hiyo ni hitilafu ya nyaya za taa tu, aendelee na safari. Yeye akazima palepale, akangoja mpaka akapata wa kumvuta kwa kamba kumrudisha nyumbani.

Gari likaingia uani limefungwa kamba. Kaka zangu walioko Dar walikwisha kusema: gari hilo likifa, mama anahamia kwao, shamba litafutiwe mtu. Mama alilijua neno hilo. Usiku ule hakula.

Asubuhi akaja fundi, mtu wa maneno mengi. Akatandika gunia, akaingia chini ya gari huku anasimulia habari za mpira, halafu akaikatiza hadithi kwa swali.

"Mama, hapa chini uliweka nini?"

"Kinu."

"Basi kitako chake nakiona."

Ile sampo, karai la bati inamokaa oili chini ya injini, ilikuwa imebonyea duara kamili. Alipoifungua nikaona kwamba lile bonde la nje, kwa ndani limekuwa kilima, na kilima kimepanda hadi kuuziba mdomo wa bomba linalofyonza oili. Nilistaajabu mno. Oili ilikuwa tele, na injini juu yake inakufa kwa kiu.

"Sasa tusidanganyane," fundi akasema. "Nafungua beringi moja. Ukiona rangi ya shaba, ujue ngozi yake imelika na injini haipo."

Akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuzia kwenye jua. Ilikuwa ya kijivu, laini, haina hata mkwaruzo. Na kule juu ilikotoka, krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, iling'aa kama sufuria ya harusi. Miaka yote niliyopanda gari lile sikujua kwamba limebeba kitu kizuri namna hiyo. Nilijikuta nanong'ona, kama niko msikitini.

Fundi alimtazama mama. "Ungeendesha kidogo tu mbele, tungekuwa tunazungumza mengine. Nani alikwambia uzime?"

"Nimekaa na watoto darasani umri wangu wote," mama akasema. "Kelele ya mchezo naijua, na ya mtoto aliyeumia naijua."

Ikabaki kuinyoosha sampo. Fundi aliogopa nyundo ya chuma isije ikaitoboa. Mama akaingia jikoni, akatoka na mchi. Akailaza sampo mchangani, mdomo juu, akaanza kukigonga kile kilima polepole, kwa mapigo mafupi ya mtu anayetwanga kisamvu. Mchanga uleule uliozamisha jeki ukalipokea bati, na kilima kikawa kinashuka. Fundi alichuchumaa pembeni, anatazama tu.

Simu yangu ikaita. Habari zilikwisha kufika Dar: kaka mkubwa alitaka kujua gari limekufaje, na mama anakuja lini.

"Mlio gani huo?" akauliza.

"Mama anatwanga."

"Anatwanga nini?"

"Gari," nikamwambia. "Kesho anakwenda Kitaya."