Hawakuja Kumchukua Sutan

Kwetu mwanamume hana chumba. Nyumba ni ya mama, mashamba ya mpunga ni ya mama, na cheo cha ukoo hutoka kwa mjomba kikaenda kwa mtoto wa dada. Mume huchukuliwa kwao akaletwa kwa mkewe. Mke akitangulia kufa, ukoo wa mume huja kumchukua tena. Kujipeleka mwenyewe ni aibu ya kufa mtu. Sikuitunga mimi hiyo sheria, mimi nauza kahawa tu.

Sutan Mangkuto, fundi seremala, aliijua toka utotoni. Mjomba wake alimkanya hapa hapa kibandani kwangu, nikimsikia.

"Kiwanja ni cha ukoo wa mkeo. Ukijenga pale, umewajengea wao. Na dada yako je, paa lake linavuja?"

"Kwani Rosmaniar si mke wangu, Mjomba?"

"Mke ni wako. Nyumba si yako, ng'o!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sutan alijenga nyumba nzuri kuliko zote hapa kijijini. Dada yake alikufa chini ya paa lile lile linalovuja.

Mwaka huu Rosmaniar naye akafa. Baada ya matanga, kaka yake Datuk, mkubwa wa ukoo wao, alimjia Sutan akimung'unya maneno.

"Shemeji, hakuna anayekufukuza. Ila Yusnidar anaolewa baada ya mavuno. Mumewe tumweke chumba gani?"

Yusnidar, kitinda mimba, akalia. "Baba, kaa! Mimi nitalala jikoni."

"Utachekwa, mwanangu," akasema Sutan. Akafunga mfuko wake, akaja kukaa kwenye benchi langu, akaikodolea macho njia ya kwa Marlis, binti wa marehemu dada yake. Usiku alilala msikitini na vijana wasiooa. Asubuhi yuko benchini tena na mfuko.

"Mzito huo, Sutan! Umefunga mawe?" wateja walimtania.

"Wakija mtaona," alijibu.

Hawakuja. Nilishindwa kuvumilia, nikaenda mwenyewe kwa Marlis.

"We Marlis, mjomba wako anakusubiri mvuani. Huna haya?"

"Mjomba? Mama yangu alipokuwa anakata roho tunamkingia ndoo za mvua, mjomba alikuwa wapi? Alikuwa anampigia mkewe randa! Nina mabinti watatu na vyumba vitatu, nimbebe mgongoni?"

Nilikuwa na matusi mdomoni, nikayameza. Alikuwa na haki, na haki yake ilinichukiza.

Mvua zikapamba moto. Sutan akaanza kukohoa. Nilimpa kahawa yenye tangawizi, nikamwambia, "Nenda tu mwenyewe, Sutan, aibu haiui."

"Nikienda bila kuitwa, nitaingia kama nani?"

Asubuhi moja hakuamka msikitini.

Loo, hapo ndipo walipokuja! Ukoo mzima, na Marlis mbele akipiga kelele, "Mjomba wetu! Mjomba wetu!" Maana ukoo ukiacha mtu wake azikwe na wengine, haunyanyui uso tena. Yusnidar alishikilia jeneza, akaomba baba yake alazwe karibu na mama. Datuk akatikisa kichwa.

"Makaburi nayo ni ya ukoo, mwanangu. Hata mimi siwezi."

Wakamchukua mabegani, wakapita mbele ya nyumba aliyoijenga bila kusimama.

Mazishi yalipokwisha, Marlis alirudi kuulizia mfuko. Nilikuwa nimeuchukua msikitini, nikamtolea. Akaufungua pale pale benchini, akitafuta nguo za kugawia watu. Hapakuwa na nguo. Palikuwa na nyundo, na msumeno, na misumari mipya ya paa, mingi, imefungwa kwa kitambaa isipate kutu.

Alikaa nayo mapajani mpaka kahawa niliyompa ikapoa. Mvua ilikuwa inaanza tena, akainuka, akaenda zake kukinga ndoo.