Alama ya Chaki Iliyoruka Safu Tatu

Saa moja asubuhi, Mafinga, Desemba 1976. Juliana Kalinga anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, anachomoa punje za mahindi, anazinusa, anaiuma moja. Kisha ananigeukia. "Ndugu mwandishi, ile barua ya ofisi ya kukuruhusu humu, hebu niione tena."

Ni mara ya tatu. Simlaumu. Leo mama huyu wa miaka arobaini na mmoja hamwamini mtu.

Mwaka wa tisa huu anakagua mbegu katika ghala hili. Safu ishirini, magunia sitini kila safu, safu moja kwa siku. Akimaliza ya siku anachora alama ya chaki pale alipoishia, na kesho yake anaendelea na safu inayofuata. Mvua ikinyesha mlango haufunguliwi, kazi inalala hata siku nne.

Juzi aliishia safu ya tisa. Jana ikanyesha. Leo alama iko safu ya kumi na mbili!

"Chaki ina miguu?" anafoka. "Funguo tunazo wawili tu, mimi na mkuu wa ghala."

Mkuu huyo, Liberatus, anaingia akitabasamu. "Mama Lea, umesahau tu. Endelea hapo hapo, lori la Usangu linangoja."

"Sijasahau. Na wewe mbona unatoka jasho na baridi yote hii?"

Nakiri, hata mimi nilianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Juliana anarudi safu ya kumi. Safi. Ya kumi na moja, bambo linatoka na unga mtupu na fukusi wanaotembea. Mama mzima anakaa sakafuni. "Loo! Watu wangepanda hivi!"

Liberatus anavua kofia. Anasema magunia yale yalilowa wakati wa kupakua, akaogopa barua ya onyo. "Nilidhani yatakauka yenyewe, Mama Lea. Nisamehe."

"Na mwezi uliopita? Uliisogeza alama pia?"

Liberatus anakunja kofia yake.

Mbegu za mwezi uliopita zimeshafukiwa mashambani, upande wa Madibira. Helena, mdogo wake Juliana, amepanda ekari tatu na ana watoto sita wa kulisha.

Juliana anajifuta macho kwa kanga. Lori halitoki, anasema, na kesho ataanza upya safu ya kwanza. Hesabu ataiweka kwenye daftari lake, nyumbani, si kwa chaki tena.

"Lakini Jumamosi napanda basi kwenda kwa Helena," anasema. "Sitaki kuambiwa na mtu. Nitainama mwenyewe kwenye tuta, nione kama kuna kilichoota."