Kitanda cha Mama Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa kwenye kiti kibovu. Msimamizi wa Karakana, mzee wa Kikerewe aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinionyesha kiti cha karani kilichoegemezwa ukutani, akaniambia niketi. Kikayumba. Akaniuliza kimevunjika wapi. Nilipoinama kuitazama miguu yake, akanizuia. "Kijana, usikichungulie. Kaa, halafu geuka kama unamwita mtu aliye nyuma yako. Pale kitakapolia ndipo palipoachia." Nikageuka, kikalia kwenye kiungo cha mgongo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti mfukoni, nikidhani useremala ni kutengeneza vitu vipya tu.

Karakana ile ilikuwa Igogo, mali ya shirika la umma lililonunua pamba. Kazi yetu ilikuwa kukarabati samani za ofisi. Hapo nilijifunza kiungo cha ulimi na tundu, yaani kuchonga ncha ya mbao moja iingie ndani ya nyingine na kushika bila msumari. Nilijifunza kupiga randa kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mti, maana ukienda kinyume mbao inachanika. Meneja Utawala hakupenda kusikia neno kununua. Tukimpelekea ombi la meza mpya alikuwa akisema, "Hela ya meza hakuna. Hela ya gundi ipo." Kwa kweli hata ya gundi tuliisubiri.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha Nansio, kisiwani Ukerewe. Nilikwenda na mke wangu niliyemwoa mwaka ule, Mama Kabula kama alivyoitwa baada ya binti yetu kuzaliwa. Yeye ni mtu wa Kisesa. Tulipewa nyumba ya shirika yenye kitanda cha shirika, na uhamisho wa kurudi mjini ulipofika tulikiacha kitanda tukapanda meli na godoro letu. Niliporudi Igogo nilifanywa fundi mkuu, cheo kilichonipa funguo za stoo na kelele za kila idara.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walijaa vijijini, shirika likadorora, na siku moja Meneja Utawala akatuita uwanjani akasoma majina ya waliopunguzwa. La kwake lilikuwamo. Wiki chache baadaye dalali aliziuza samani zote kwa mnada. Nilisimama pale nikiwa na kiinua mgongo changu, nikavinunua viti vibovu na meza nilizokuwa nimezitengeneza kwa mikono yangu, kwa sababu nilijua ipi ni mninga na ipi ni mbao laini iliyopakwa rangi.

Nilizipeleka nyumbani kwetu Pasiansi, na hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo wengi mnanifahamu kwayo. Kabati la mafaili nililigeuza kabati la vyombo. Meza ya karani ikikatwa miguu ilikuwa meza ya sebuleni. Sikuwa na vibanio vya chuma, kwa hiyo kiungo kilichopakwa gundi nilikikaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli hadi kikauke. Viti vya kukalia nilivisuka chini kwa mipira iliyokatwa kwenye matairi, juu nikaweka gunia la pamba, kisha kitambaa. Mbao iliyopauka niliipaka chai nzito iliyolowekwa misumari yenye kutu, ikageuka nyeusi ya kupendeza, na badala ya vanishi niling'arisha kwa dawa ya viatu. Kazi ya mtu asiye na mtaji ni kufikiri sana.

Kibanda cha mjini sikukiweza. Tena niligundua kwamba mteja haiamini meza iliyowekwa juani kando ya barabara, anaiamini iliyo na kikombe juu yake. Basi sebule yetu ikawa duka. Mtu alikuja, akaketi, Mama Kabula akamletea chai, na mtu akishamaliza chai alikuwa ameshakipenda kiti. Niliona ni akili nyingi. Kabula alianza hesabu zake za shule kwenye meza moja na kuzimalizia sakafuni, kwa kuwa jioni meza ilikuwa imekwenda. Majirani walitutania kwamba kinyozi hajinyoi, nami nilicheka nao. Mke wangu hakucheka, ila sikuwa na nafasi ya kulitazama hilo.

Tulilala chini miaka ile yote. Alipoanza kulalamika mgongo, nilimtengenezea kitanda. Ubao wa kichwani ulikuwa mlango wa kabati la Meneja Utawala, mninga mtupu, na miguu niliitoa kwenye meza mbili za wahasibu. Kilinichukua miezi miwili. Nilimwambia, "Hiki si cha mteja." Alikitandika mashuka aliyoyadarizi mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu Nansio nilimsikia akiimba akiwa chumbani.

Alikaa nacho kipindi kimoja cha masika. Kisha shangazi yake akafariki kule Bujora, akaenda msibani. Siku ya pili akaja mfanyabiashara wa minofu ya samaki aliyekuwa anajenga kilimani. Alitaka kabati. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, akauliza, "Na kile?" Ningefunga mlango. Badala yake nilianza kumweleza ni mti gani, viungo vyake vimekaaje, jinsi kisivyo na msumari hata mmoja. Nilijisikia nikiongea na sikujizuia. Hakuna aliyewahi kuisifu kazi yangu kama bwana yule. Alipotaja bei nilijiambia nitatengeneza kingine kabla mke wangu hajarudi, nikayakunja mashuka yake, nikawasaidia vijana wake kukipakia.

Mke wangu alirudi siku ya tano. Alisimama mlangoni mwa chumba, begi bado mkononi.

"Kitanda kiko wapi?"

"Kuna mteja alikipenda sana, Mama Kabula. Nitakufanyia kingine, kizuri kuliko kile."

Alitazama godoro lililokuwa sakafuni. "Siku mtu akiniulizia mimi," akasema, "utamwambia ni mbao gani?"

Alikwenda kupika, na hatukulizungumza tena. Kingine nilikianza mara tatu, na mara tatu mbao zake zilikwenda kwenye oda ya mtu.

Kabula aliolewa Buswelu. Alipojifungua, mama yake alikwenda kumlea mzazi kama ilivyo desturi, nasi tulijua ni miezi mitatu. Ilipita, ikapita mingine. Hakuniacha, kwa maana ya kuniacha. Hakurudi tu. Watu wakiniuliza hali yake niliwajibu kwamba yupo kwa mjukuu. Upweke wenyewe ulianzia kwenye mambo madogo: wateja waliketi, na chai haikuja.

Nimestaafu sasa, mikono inatetemeka, patasi haininyookei. Vijana mnaonijia kuuliza siri ya kazi, mimi ninayo moja: chagueni mapema kitu kimoja ambacho hakiuzwi, na mteja akikiuliza mwambieni hivyo bila kutaja mti wake.

Kabla sijaacha kabisa nilitengeneza kitanda cha mwisho, mninga wote, bila kukubali oda yoyote katikati. Nilikodi gari nikakipeleka Buswelu. Mama Kabula alinipokea vizuri, akanipa maji ya kunawa na ugali kwa sangara, akaniuliza habari za majirani mmoja mmoja. Kisha nikakiunga mbele yake uani. Alikizunguka, akapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani, akakisukuma kuona kama kinalia. Hakikulia.

"Ni chako," nikamwambia.

"Ninacho, Baba Kabula. Kabula alininunulia cha chuma, mwaka wa nane huu. Mgongo umeshakizoea." Akanitazama kwa huruma, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Lakini hiki ni kizuri sana. Hutakosa mteja."

Nikatoa nyundo ya mti, nikaanza kukifungua.