Neema Amenitaja Kwenye Makala Yake

Leo nimepiga kelele ya furaha, maabara nzima ikageuka.

Imeili imeingia: kuna mtafiti ameinukuu makala yangu ya chembe za kinga! Tangu niichapishe imenukuliwa mara mbili tu, na moja nilijinukuu mwenyewe. (Msinicheke, wote tunafanya.)

Nikafungua nione ni nani.

Neema.

Neema yule tuliyeanza naye PhD hapa College Park, Marekani, ambaye makala zake zinanukuliwa kama methali. Watanzania tukikutana Greenbelt, mji wa jirani, akina mama wanamwita "profesa wetu", halafu wananigeukia: "Na wewe mwanangu, bado tu unasoma?"

Nikaitafuta sentensi yenyewe. Anasema amerudia jaribio langu na majibu hayafanani, kwa sababu jedwali langu la mwisho lina kosa.

Nikaliangalia. Kosa lipo. Tena kubwa.

Jamani, wivu umenikaba mpaka chai imenishinda. Semeni wenyewe, nimshukuru au nimnunie?

Maana msimamizi wangu aliipitia makala yangu juu juu. Mume wangu aliishia kwenye jina langu.

Aliyeisoma mpaka jedwali la mwisho ni Neema peke yake.